Nyapara Aliyeunguza Mbuzi

Mashine ya Wesonga ilikuwa inaunguza nyama. Hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Iliundwa ili nyama isiungue, ikapelekwa penye nyama, na nyama ikaungua.

Ingekuwa inaunguza kila mahali, angejua pa kuanzia. Lakini kwenye kibanda chake cha kazi pale Sarang'ombe, Kibera, ilikaa na moto kama mama aliyebembeleza mtoto akalala. Iliunguza Kawangware tu, kwa mteja wake Waithaka. Na hata huko Kawangware haikuunguza Wesonga akiwapo. Akifika, inatulia na kufanya kazi yake kwa adabu. Akipanda boda boda kurudi Kibera, kabla hajafika Ngong Road simu inalia: mbuzi amekuwa makaa.

Wesonga alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, madirisha, vitanda vya shule na mapipa ya kuchomea nyama. Kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo akiwa amevaa miwani ya jua ya kununua barabarani, maana kinyago cha fundi kilimtoa jasho, na yeye hakuwa mtu wa kupenda kubanwa. Ile nuru ya bluu ikamla macho polepole, jinsi mchwa anavyokula mlango: kwa nje unaona mlango, ndani hamna kitu. Ikafika mahali akiamka asubuhi anahisi ana mchanga chini ya kope. Daktari wa macho hakumzungusha. Alimwambia achague: aache kuchomelea, au achomelee mpaka siku ambayo hataiona kazi yake.

Mtu aliyeacha shule darasa la sita, mwenye mke na watoto, hana kazi nyingi za kuchagua. Wesonga alikaa akajiuliza ni kitu gani anakijua kuwashinda wengine, na jibu likawa moto wa pipa. Alijua kwamba nyama choma haiharibiwi na moto. Inaharibiwa na mchomaji aliyeenda kupiga domo. Makaa yakipata hewa nyingi yanapandwa na wazimu, yakikosa hewa yanalala, kwa hiyo mchomaji husimama hapo siku nzima na kipande cha katoni, anapepea, anaacha, anapepea tena. Je, kama pipa lingejipepea lenyewe?

Ndipo alipozaliwa Nyapara. Wesonga alimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimamia. Alikuwa na viungo vitatu. Cha kwanza ni feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, iliyopuliza hewa chini ya makaa kupitia bomba. Cha pili ni ubongo, yaani kibao cha elektroniki ndani ya mkebe wa majani chai, wenye tarakimu nyekundu zinazoonyesha joto. Cha tatu ni kijiti cha chuma, urefu wa shubiri moja, kilichoingia ndani ya pipa kupitia tundu la ubavuni, juu kidogo ya wavu wa nyama. Kwenye ncha ya kijiti hicho ndimo kilimokaa kipima joto. Wesonga alikiita ulimi, kwa sababu ndicho kilichoonja moto. Ulimi ukisema moto umepoa, ubongo unaamuru feni ipulize. Ulimi ukisema joto limefika mia na sabini, feni inanyamaza. Vyote vilikula umeme wa betri ya pikipiki.

Ubongo hakuuunganisha peke yake. Macho yake yasingeziona zile nyaya nyembamba kama nywele. Aliunganishiwa na Aketch, mama wa Soweto West hapo hapo Kibera aliyetengeneza simu kwenye kioski cha kijani, mwenye mkono uliotulia na mdomo usiotulia.

Mteja wa kwanza alikuwa Waithaka, mwenyeji wa Kawangware tangu enzi za babu yake. Alikuwa na ploti, nyumba za kupangisha, bucha, na nyuma ya bucha uwanja wa nyama choma wenye viti vya plastiki. Alimchukua Nyapara kwa majaribio. Wenye bucha wengine wa pale Gatina, huko huko Kawangware, walikuwa wanatazama kwa jicho la pembeni. Waithaka akiridhika, nao wataagiza, na Wesonga ataizima mashine ya kuchomelea asiiwashe tena. Asiporidhika, basi, macho ndiyo yatakayolipa.

Simu ya kwanza kutoka kwa Waithaka ilikuwa fupi. "Fundi, hii kitu yako imenichomea mguu mzima wa mbuzi. Kuja uone."

Wesonga akapanda boda boda akaenda. Kagiri, mchomaji wa Waithaka, alimwona tangu mbali, pikipiki ikihangaika kukwepa dimbwi la mbele ya geti. Kagiri alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye aproni iliyoanza siku ikiwa nyeupe. Hapo kwa Waithaka kulikuwa na desturi yao: mgeni haulizwi shida yake akiwa na mdomo mkavu. Kabla ya nyama kuna mutura, utumbo uliojazwa damu, nyama iliyokatwakatwa, dhania na pilipili, ukachemshwa, kisha ukamaliziwa kwenye moto. Mutura huliwa mtu akiwa amesimama, na ndio unaomfungulia mazungumzo. Basi Kagiri alipomwona fundi anaingia, alifunua pipa, akautoa mutura, akafunika. Wesonga alipomaliza kumlipa mwenye boda na kuvua helmeti, vipande vilikuwa vimeshakatwa kwenye ubao, chumvi pembeni.

Alikula. Alikuwa amekula mutura mara nyingi maishani, lakini huu ulikuwa na mambo yake. Ngozi ilikatika kwa sauti, na ndani ulikuwa laini kama uji. Akamwambia Kagiri hivyo hivyo. Kagiri akatabasamu mpaka masikioni, akasema hata yeye ameona, tangu hiyo mashine ije mutura wake umebadilika, watu wanatoka mpaka Stage Two kuufuata. Wesonga aliona ajabu kidogo kwamba mashine inayoivisha mutura namna hiyo inaweza kuunguza mguu wa mbuzi. Lakini hakulifuata wazo hilo. Mdomo ulikuwa umejaa.

Kisha akakiweka kiti mbele ya pipa, akamtazama Nyapara. Tarakimu zilisoma mia na sabini. Zikashuka kidogo, feni ikanong'ona, zikapanda, feni ikanyamaza. Aliutazama mguu ulioungua, mweusi kama kiatu cha polisi, akaitazama tena mashine iliyokaa na uso wa mtu asiyejua lolote. Akakaza skrubu mbili ambazo hazikuwa zimelegea, ili asionekane amekuja bure, akaenda zake.

Siku chache baadaye ziliungua mbavu. Wesonga akarudi, akapewa mutura, akala, akatazama, akaona mashine haina tatizo. Safari hii aliifungua yote, akaifunga kwenye gunia na kuibeba hadi Kibera.

Aketch aliitandaza juu ya meza yake katikati ya simu zilizopasuka vioo. Akapima nyaya moja moja. Akaipuliza feni kwa mdomo. Akasema hakuna kilichoungua humo ila jina la fundi. Wesonga akashikilia kwamba lazima ni ulimi unaodanganya. Basi Aketch akatenga sufuria ya maji kwenye jiko lake dogo, wakautumbukiza ulimi ndani, wakangoja.

Maji yakachemka. Tarakimu zikapanda hadi tisini na tano, zikasimama hapo, zikakataa katakata kuendelea. Wesonga alisogeza uso karibu, macho yakimtoka machozi kwa mvuke.

"Nimeupata ugonjwa," akasema. "Maji huchemka mia. Ulimi unadanganya kwa tano."

"Mia ni ya watu wa Mombasa," Aketch akamjibu. "Huku juu maji hayangoji mia. Uliza mtu yeyote aliyepika maharagwe Limuru kwa nini alilala njaa."

Wesonga alibisha, kwa sababu alikuwa ameshalifurahia jibu lake. Aketch akamwacha abishe, akaongeza maji, akaongeza makaa. Tarakimu hazikupita tisini na tano. Akamweleza, safari hii bila mzaha, kwamba maji yakishaanza kuchemka hata uyachochee moto wa jehanamu hayapandi tena, na chochote kilichojaa maji ni hivyo hivyo. Halafu akaifunga mashine.

"Hii haina shida, Baba Trizah. Shida iko kwa moto, ama kwa nyama, ama kwa mtu."

Wesonga hakutaka kurudi Kawangware mikono mitupu. Alinunua feni mpya, akatupa ile ya zamani iliyokuwa nzima. Alinunua betri mpya, akaiweka ile ya zamani, nzima pia, chini ya kitanda. Akabadilisha waya. Fundi asiyejua ugonjwa hubadilisha kila kiungo, kama mganga anayempa mgonjwa dawa zote ili mojawapo imwonee huruma. Lakini njiani lile neno la mwisho la Aketch lilimkaa kichwani. Mtu. Na kule penye moto mtu alikuwa mmoja tu.

Alipofika, mutura ukatolewa, ukakatwa, akaula huku akimtazama Kagiri juu ya ubao. Walipobaki wawili akamwuliza.

"Kagiri, niambie ukweli. Mimi nikienda, unaifanyia nini hii mashine?"

"Naifanyia nini aje?"

"Mtu akiletewa kitu cha kufanya kazi yake, anaweza kukiogopa. Mimi sikulaumu. Lakini sema."

Kagiri akaweka kisu chini. Hakupandisha sauti. Aliinua mkono wake wa kulia polepole mpaka ukawa juu ya kichwa, akauacha hapo.

"Wewe mtu wa ingo, wa huko Bungoma, unaona hili bega? Mwaka jana huu mkono haungefika hapa. Nimepepea na katoni mpaka bega likaisha. Sasa nimepata kitu ya kunipepea, niharibu nirudi kwa katoni? Mimi ni mjinga?" Akaushusha mkono. "Na ni mimi nakusifu hapa kila siku. Kuna vitu umeniwekea humo ndani hata hukuniambia, nikajionea mwenyewe. Nikasema, huyu ni fundi."

Wesonga alipaswa kuuliza ni vitu gani. Hakuuliza. Aibu ilikuwa imemjaa masikioni, na mtu mwenye aibu hasikii vizuri. Alisema maneno mawili matatu yasiyokuwa na kichwa, akaondoka. Kabla hajavuka barabara kubwa simu ikalia. Safari hii si mguu wala mbavu. Ulikuwa mgongo wa mbuzi wa mteja aliyekuwa anasherehekea kazi mpya.

Waithaka hakuwa mtu wa matusi. Alieleza tu jinsi mambo yalivyosimama. Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Murang'a kwa ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake, Wangeci. Mbuzi watachomwa hapo hapo. Angeweza kumwambia Kagiri achome kwa katoni, lakini Kagiri amekataa, anasema bega lake haliwezi mbuzi wanne. Kwa hiyo Nyapara atachoma.

"Ikiungua mbele ya wakwe," Waithaka akasema, "uje na mkokoteni uchukue chuma yako. Na hawa wengine wa Gatina nitawaambia nilichoona."

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Jioni hiyo Wesonga alipita karibu na mashine yake ya kuchomelea, iliyofunikwa turubai, akaitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

Nyumbani, mkewe Nabalayo alikuwa anakusanya nguo za kufua. Alilishika shati la mumewe la Kawangware, akalisogeza puani, akaliweka chini taratibu. Kanisa lao lilikuwa la kufuata maandiko neno kwa neno, na mitume walikataza kula damu. Wesonga alilelewa katika kanisa hilo tangu Bungoma. Ila imani yake ilikuwa na kawaida ya kumsubiri nje ya geti la Waithaka.

"Baba Trizah, hii shati imekula nini?"

"Imekula nyama."

"Nyama ya aina gani?"

Shati lilikuwa limeshajibu. Nabalayo hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa kwenye kiti akaizungushazungusha pete yake.

"Kila siku tunapiga magoti hapa tunamwomba Mungu akuokolee macho. Sasa macho yanaomba huku, mdomo unakunywa damu huko. Kesho ukienda, uchague moja."

Wesonga akaahidi. Hakuahidi kwa sababu alikuwa ameuchoka mutura, Mungu anajua. Aliahidi kwa sababu mke aliyekaa naye miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kumwekea macho yake na mdomo wake kwenye mizani moja.

Jumamosi alifika mapema, feni ya akiba mfukoni. Uwanjani kulikuwa na hema jeupe, na viti vya plastiki vilikuwa vimevalishwa vitambaa. Waithaka alikuwa ndani ya koti lililobanwa na kifungo kimoja jasiri. Upande wa geti wanawake wa nyumbani walikuwa wamejipanga wakiimba, wakiwakatalia wakwe kuingia mpaka nao waimbe vizuri zaidi. Pipa lilikuwa limeshiba nyama. Kagiri alikuwa amesimama kando yake, hajamsamehe mtu. Lakini mgeni ni mgeni hata ukiwa umemnunia. Alipomwona Wesonga anakaribia, alishika mpini wa mfuniko.

"Wacha," Wesonga akasema. "Leo sili."

"Umekataa mutura yangu?"

"Sijakataa yako. Nimekataa yote. Ni mambo ya kanisa."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Jana," Kagiri akarudia, kama mtu aliyepewa noti anayoishuku. Akauachia mpini. "Basi ikae."

Hivyo ndivyo ilivyotokea, kwa mara ya kwanza tangu Nyapara aletwe Kawangware, Wesonga kusimama mbele ya pipa hali mutura ukiwa bado ndani.

Tarakimu zilisoma themanini na nane. Wesonga akadhani haoni vizuri, akainama. Themanini na tisa. Feni haikunong'ona, ilikuwa inalia kwa nguvu zake zote. Moshi uliotoka kwenye ukingo wa mfuniko ulikuwa umeanza kuwa mnene na wa manjano, na ndani mafuta yalikuwa yanalia. Ugonjwa aliousikia kwa simu tu ulikuwa umemwangukia mbele ya miguu. Akaupeleka mkono karibu na tumbo la pipa, joto likaurudisha. Mkono ulisema moto umepitiliza. Tarakimu zilisema chai ya vuguvugu. Tisini na mbili. Tisini na nne. Tisini na tano.

Zikasimama hapo hapo, zikakataa kuendelea.

Wesonga akaikumbuka sufuria. Hiyo haikuwa namba ya moto. Ilikuwa namba ya maji. Humo ndani, katikati ya jehanamu yote ile, kulikuwa na kitu kilichojaa maji, na kitu hicho kilikuwa kimekalia ulimi.

Akafunua mfuniko. Moto ulimrukia ukamla nusu ya nyusi, lakini aliona. Mutura ulikuwa umejiviringa kwenye ulimi wa Nyapara kama nyoka kwenye tawi, mzunguko juu ya mzunguko, mnene, unang'aa, unatoka jasho. Chini yake bega la mbuzi lilikuwa linawaka.

"Kagiri, hii mutura inafanya nini hapa?"

"Inaiva. Si hapo ndio uliiwekea hanga yake?"

"Hanga?"

"Hii chuma." Kagiri aliionyesha kwa koleo, akishangaa kuulizwa na aliyeitengeneza. "Ndiyo nilikuwa nakuambia. Nilikuwa nailaza kwa wavu, inapasuka. Kufungua pipa siku ya kwanza, naona umeniwekea chuma ya kuitundika, imetokeza vizuri. Nikasema huyu mtu amefikiria hata mutura."

Wesonga alichukua koleo mkononi mwa Kagiri, akautoa mutura. Tarakimu, kama mtu aliyezibuliwa masikio akasikia watu wakipiga nduru, zikaruka mia na hamsini, mia mbili, mia tatu. Feni ikakata sauti. Kagiri aliyaelewa mambo kabla hayajaelezwa. Akanyakua bega lililokuwa linawaka, akasukuma nyama nyingine pembeni, akanyunyiza maji ya chumvi, akafunika. Wakasimama wawili hao, mmoja na bega la mbuzi, mwingine na mutura, wakitazama tarakimu zikishuka taratibu hadi mia na sabini na kutulia.

Waithaka akaja akifuata harufu. Wesonga akamweleza kila kitu, polepole, bila kuruka lile la kanisa. Waithaka akautazama mutura, akautazama ulimi, akamtazama Wesonga.

"Ngoja nielewe. Ukija kuangalia kwa nini nyama inaungua, tunatoa kitu inafanya iungue, tunakukatia, unakula."

"Ndiyo, mzee."

"Halafu unaangalia mashine, unasema iko sawa."

"Ilikuwa sawa."

"Ukienda, Kagiri anaweka ingine."

"Wateja walikuwa wanangoja," Kagiri akasema.

Waithaka alianza kucheka kimyakimya, mabega tu. Kisha kile kifungo cha koti kikashindwa kazi, kikaruka kwenye makaa. Alilazimika kushika nguzo ya hema. Wakwe waliokuwa wameshaingia waligeuka kutazama, na baba mmoja wa Murang'a akamwambia mwenzake kwamba hii familia ni ya watu wachangamfu.

Wakwe walikula mbuzi asiyekuwa na doa. Lile bega halikufika mezani. Kuhusu mahari sitasema, si yetu. Wangeci alipita karibu na pipa jioni, akamwuliza Wesonga nyusi yake nyingine iko wapi.

Jumatatu Wesonga alichukua kipande cha nondo kutoka kwenye takataka za kibanda chake, akakibana kwenye jiriwa, akakikunja kwa nyundo kikawa ndoano ya kuning'inizia mutura upande wa pili wa pipa, mbali na ulimi. Hakuiwasha mashine ya kuchomelea. Alipompelekea Kagiri alimwomba msamaha kwa yale maneno yake, na Kagiri akampokea ndoano, akaigeuzageuza, akasema ni nzuri lakini si kama ile. Wiki hiyo haikuisha kabla hajaleta mashtaka. Mutura umerudi kuwa mutura wa kawaida, wateja wa Stage Two wananung'unika, na yeye anautaka ulimi wake. Kumbe ile feni iliyokuwa inauchochea moto kwa fujo huku mutura umejiviringa juu ndiyo iliyokuwa inauivisha vile.

Ndipo Wesonga na Aketch wakaunda Nyapara wa pili, mwenye pipa dogo la mutura peke yake. Waithaka alimnunua kabla hajakauka rangi, na wenye bucha wawili wa Gatina wakaagiza jozi. Aketch hakukosa la kusema.

"Nilikuambia ni mtu."

"Ulisema pia ni moto, ama nyama."

"Nilisema zote. Fundi mzuri anasema zote."

Tatizo la Nyapara wa pili lilikuwa moja: aliyemtengeneza hakuweza kuonja kama anafanya kazi. Ilimbidi amwonjeshe Kagiri, yeye mwenyewe akisimama pembeni akimwangalia anavyotafuna.

Hasara yote Wesonga alimhesabia Nabalayo mezani, bila kuficha. Mguu mmoja wa mbuzi, mbavu, mgongo, na bega moja. Feni moja, shilingi mia sita, iliyotupwa ikiwa nzima. Betri moja, elfu mbili na mia nane, na ile nyingine nzima ingali chini ya kitanda. Boda boda za kwenda na kurudi, ambazo aliona afadhali asizijumlishe. Neno moja baya kwa Kagiri, lililolipwa kwa msamaha na soda mbili. Kifungo cha koti la Waithaka. Nusu ya nyusi, iliyokwisha kuota. Ndoano ya nondo, bure. Na mutura, mpaka mwisho wa maisha yake.